Bamama ya Kanisa Njo Balimulisha

Bwana asifiwe! Eh, bale ba nyuma, munaogopa nini? Leo masasi ya bunduki haiko. Bwana asifiwe! Njo vile.

Ndugu zangu, munanijua, ni mie Koko ya fimbo. Baba Pasta ananiambia pale ku mulango, na ile sauti yake ya pua: “Koko, leo ushuhuda tuu, hapana kuiga sauti ya bantu.” Baba Pasta, unisamehe. Mungu alinipa kinywa moja, akaweka bantu mingi ndani. Nitafanya je?

Mie sikusoma. Shule nilipita pembeni yake tuu, na kitunga ya maharagi ku kichwa. Lakini leo nitabaambia mambo ya biro, ile ofisi ya viza, na ile hasira niliyokuwa nayo, na vile Mungu alitutoa pale.

Sisi ni bantu ya vilima ya Masisi, babu zetu balilima pale na ba babu yabo pia. Vita ilikuja, tukakimbia kuelekea Kashebere. Mvua ilikuwa inanyesha, udongo kama mafuta. Ku muteremuko mie nikateleza, pah! Kiuno ikavunjika. Bantu bananiruka kama gogo, kila muntu anakimbia na yake. Nani alirudi? Bahati, mukwe yangu, bwana ya binti yangu Furaha. Alinifunga mu kitenge, akanibeba ku mugongo mpaka hospitali ya Walikale. Ndugu zangu, mukwe kubeba mama-mukwe ku mugongo! Alikuwa anaangalia mbele tuu, na mie ninafunga macho, haya inatuua sisi wote babili kuliko masasi.

Alinifikisha ku mulango ya hospitali, akasimama pale. Hawezi kuingia ndani kuniosha. Munajua kwetu: mukwe hawezi kuona mama-mukwe uchi, ata mama-mukwe iko anakufa. Na gardimalade, ule mwenye anakaa na mugonjwa, anamuosha, anamugeuza, ilipashwa kuwa mutoto yangu. Na mutoto mwenye alibakia kwangu ni moja: Furaha. Na Furaha iko Ulaya.

Ule mutoto alikimbia vita ya mbele ya hii, akafika kule, akapata makaratasi, akapata kazi. Kazi gani? Anaosha bazee! Bantu ya kule bakizeeka, banabaweka nyumba moja, kiisha banalipa mutoto yangu kubaosha. Alirudi mara moja, akafunga ndoa na Bahati mu hii kanisa yetu, wakati ilikuwa bado kule Masisi. Mulicheza, mulikula mbuzi yangu, musijifanye munasahau. Kiisha akarudi kule, anapanga vile atamukokota bwana yake.

Aliposikia mama iko chini, akaomba ku kazi yake konje, ruhusa ya kuacha kazi kidogo, bila mushahara. Mukubwa wake akamuambia: enda, nafasi yako itabakia. Furaha akakuja. Tangu kupanda maharagi mpaka kuvuna, alikuwa anaosha hii mwili munaona. Alilala chini ya kitanda yangu, ku mukeka. Na bamama ya hii kanisa, benye tulikimbia nabo, Mungu abaone! Kila siku sombe, kila siku bugari, lenga-lenga, siku ingine samaki. Furaha hakuwasha moto ata moja. Na angewasha, ingekuwa matusi kwetu sisi wote.

Nikapona, Furaha akarudi kazini, na sisi tukaenda kukaa Kashebere. Sasa Bahati akaomba viza ya kufuata bibi yake. Ndugu zangu, musikilize sheria ya kule. Unataka bwana yako akuje? Onyesha kwanza kama mushahara yako inatosha, mwezi kwa mwezi, mwaka muzima. Furaha anaonyesha fishi ya mushahara, ile karatasi ya malipo ya kila mwezi: mwezi huu iko, mwezi huu iko, kiisha ile miezi ya konje, ziro, ziro, ziro. Ile miezi alikuwa ananiosha mie!

Bahati akaitwa ku biro ya viza, inchi ya jirani. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa, akapita Walikale, akashuka Hombo juu ya lori ya mafuta ya mawese, akatokea Bukavu, akavuka mupaka. Anafika amejaa matope na heshima. Ndani kulikuwa mama moja muzungu, mukufu ku shingo, sauti yake nyembamba kama ya mbu: “Musié Bahati, ile miezi madamu hakulipwa, nani alikuwa anamulisha?”

Bahati, mutoto wa bantu benye heshima, ananyoosha mugongo, anajibu na nguvu: “Bamama ya kanisa njo balimulisha!”

Kwetu, ile ni sifa! Ni kusema: bibi yangu haiko mbwa ya njia, iko na bantu. Kumbe ule mama anaandika. Anaandika nini? Eti huyu mwanamuke anaishi na sadaka ya kanisa. Eti hana nguvu ya kulisha bwana. Viza bakaikatala.

Ah, ndugu zangu! Siku Bahati alirudi na ile jibu, mie nilisimama bila fimbo. Hasira iliniponyesha kuliko dawa! Nikasema: hivi Furaha akiosha mama ya bengine, munaita kazi. Akiosha mama yake mwenyewe, munaita umasikini? Alinipindua hii kiuno asubui na mangaribi, akaniosha vidonda, na kule banaandika ziro? Mungu wangu, ile ziro ni mie? Ni mie njo ziro?

Na vita haikungojea. Ile wakati benye bunduki balikuwa banapita ku barabara ya Kashebere, banakamata vijana benye nguvu kubabebesha masanduku ya masasi. Moja anaenda, harudi. Bahati alikuwa anashinda ndani ya mihogo kama panya. Kila nikisikia mbwa analia, roho yangu inatoka, ninasema: leo banamukamata, na bibi yake iko anamungojea na kitanda imetandikwa.

Hapo shetani naye akafika, na miwani nyeusi. Kijana moja kutoka Goma, viatu yake inangaa, anaongea kama mafuta: “Mama Koko, musiteseke. Mie ninatengeneza fishi ya mushahara. Kashe ya muhuri iko, sinyature iko. Ile ziro yote itapata namba.” Nikamuambia: kijana, karibia, sikusikii vizuri. Akakaribia. Nikamupa fimbo ku viatu! Unataka kuficha ile miezi? Ile miezi njo uzima yangu! Ukiifuta, unanirudisha pale ku muteremuko!

Tukafunga na kuomba. Munakumbuka, mulikuwa pale, bengine mulisinzia lakini mulikuwa pale. Na kule Ulaya Furaha akafanya kazi, mwezi kwa mwezi, fishi ikajaa tena. Mukubwa wake naye akashuhudia: ilikuwa konje tuu, mutoto hakufukuzwa. Bahati akaomba tena, akaitwa tena.

Sasa kila muntu akakuwa mwalimu. Mukubwa wa kwaya, na ile besi yake: “Bahati, hapana kutaja bamama. Sema alikuwa na akiba ku banki.” Dada yake Bahati, machozi karibu: “Kaka, sema tuu hukumbuke.” Bahati akakuja kwangu, akasimama inje, anaangalia migomba, vile mukwe anasimama. “Mama, niseme nini?”

Nikamuambia: “Sema benye balimulisha. Lakini mara hii maliza maneno. Ya kwanza ulijibu kama unajibu hapa kwetu. Bale habajue kwetu. Bafundishe.”

Akapita tena Hombo. Mara hii anakuta muzungu mwanaume, muzee, anakohoa-kohoa. Swali ni ile ile: “Heu... nani alilisha bibi yako?”

“Bamama ya kanisa, Papa. Kwetu gardimalade hapike. Akuwe tajiri, akuwe masikini, hapike, bantu banamuletea. Kitanda ya pembeni ya mama-mukwe kulikuwa mufanyabiashara ya Butembo, iko na malori, alikuwa anachunga ndugu yake. Ni mukatoliki, ata haiko wa kanisa yetu, lakini naye alikula mu ile sufuria. Papa, na yeye mutaandika kama ni masikini?”

Ule muzee akaacha kukohoa. Akaangalia fishi, mbele ya konje, nyuma ya konje. Akauliza: “Na wewe, ulilala wapi?” Bahati akasema: “Inje, ku baraza. Sababu ndani ni mama-mukwe.” Muzee akacheka, kihihi, akafunga dosie, ile faili ya makaratasi yetu.

Bwana asifiwe! Viza ikatoka! Bahati akapita kule kule Hombo, mara ya mwisho, na wiki ile ile benye bunduki bakaingia Kashebere, bakaokota vijana mu mihogo, pale pale alikuwa anajificha. Bakakuta shimo ya mwili yake mu majani, haina muntu! Mungu alimutoa. Haikuwa bongo, ule uongo wa miwani nyeusi. Ni ukweli, mwenye alisemwa mupaka mwisho.

Ndugu zangu, uko na dosie mwenye inakataliwa? Uko na mutoto mwenye banamuita ziro juu ya kutenda mema? Mutumainie Mungu, na usimusaidie na bongo. Yeye anaona miezi yenye haina fishi. Hakuna siku moja ya kuosha mugonjwa yenye ilipotea mbele yake.

Juzi tuu, binti moja alipita hapa kanisani, anaandika sisi bakimbizi benye tulifika. Mutoto muzuri, kalamu ku sikio. Ananiinamia, sauti ya huruma: “Koko, mutoto yako iko mbali, mukwe yako ameenda. Sasa nani anakulisha?”

Nikasimama. Nikamuonyesha ninyi, ile mistari ya mbele yote, na vitambaa yenu ku kichwa. Nikamuambia: bamama ya kanisa njo bananilisha. Andika, mutoto yangu. Andika kubwa.