Mwalimu Wamucii Karanja na Maji ya Upande wa Kulia

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, Mwalimu Wamucii Karanja anastaafu baada ya kufundisha Kemia kwa miaka thelathini na mitano, yote hapa Isiolo. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimepakana katika chumba cha walimu, na kwa kuwa wengine wote walisema wana kazi.

Alitoka Karatina na sanduku moja, akinuia kukaa muhula mmoja. Alikuta maabara yenye mfereji usiotoa maji na mlango usiofungika. Mlango aliutengeneza mwenyewe, lakini baada ya mbuzi wa jirani kuingia na kula karatasi zote za litmasi, zile zinazobadilika rangi zikigusa asidi. Katika ripoti yake kwa mwalimu mkuu wa wakati huo, aliandika kwamba mbuzi hakuonyesha mabadiliko yoyote ya rangi. Amewahi kuwa mkuu wa idara, mlezi wa bweni la wasichana na, kwa muda mfupi sana, kocha wa voliboli.

Mada aliyoipenda kuliko zote ni kusawazisha milinganyo ya redoksi, yaani ya kemikali zinazopokezana elektroni, katika asidi. Hatua zake zinajulikana hadi jikoni: sawazisha atomi nyingine kwanza; oksijeni ikipungua, ongeza maji; haidrojeni ikipungua, ongeza ayoni zake, maana asidi inazo; mwisho weka elektroni ili chaji zilingane. Mpishi wetu, Bwana Aule, anazisema bila kukosea, ingawa hatujawahi kumuuliza atazitumia wapi.

Mwaka huu hatua hizo zilimgomea Mwalimu. Katika mtihani wa kufungua muhula wa kwanza, kidato cha nne waliulizwa kuhusu pamanganeti, ile kemikali ya zambarau: atomi nne za oksijeni upande wa kushoto, hakuna hata moja upande wa kulia. Karibu nusu ya darasa hawakuongeza maji. Walifuta oksijeni. Mwalimu alikasirika mpaka akasahau chai yake, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulishuhudia. Kisha akamwita Hanad, aliyekuwa amezikata zote nne kwa mstari wa rula.

Hanad anatoka Sericho, kwa wafugaji wa nyanda kame. Alieleza kwa adabu kwamba kwao hakuna mtu anayesema ongeza maji kana kwamba yapo tu. Maji yakipungua, mtu hupunguza mifugo. Naye alipunguza oksijeni. Akasema pia ameamua kuacha Kemia na kubaki na Biolojia na Fizikia kabla usajili wa mtihani wa kitaifa haujafungwa, kwa sababu hawezi kuandika maji ambayo hajui yametoka wapi. Huyu ni kijana anayetaka kusomea utabibu arudi kutibu watu wa kwao, na bila Kemia haiwezekani. Maskini, alikuwa anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mwalimu hakumkaripia. Kesho yake alileta glasi mbili zenye chumvi ya chuma iliyoyeyushwa, moja imetiwa asidi na nyingine haina, akamwachia Hanad adondoshe pamanganeti. Penye asidi, zambarau ilipotea kabisa. Pasipo asidi, likatokea tope la kahawia. Ndipo akaeleza jambo ambalo, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa akiliruka kila mwaka: haidrojeni nane za asidi zinakutana na oksijeni nne za pamanganeti, na hapo zinapatikana molekuli nne za maji. Hakuna aliyeyaleta kwa lori. Yametengenezwa humo humo. Hanad akauliza kama yatamtosha ngamia mmoja. Darasa zima likapiga hesabu, na chupa nzima ya pamanganeti ya maabara haikutoa hata kijiko. Hanad alisikitika sana, lakini alibaki kwenye Kemia.

Tangu siku hiyo huuliza swali kila kipindi, na Mwalimu hulijibu. Taabu ni kwamba kustaafu ni Juni, mtihani ni Novemba, na mwalimu wa kushika nafasi hiyo bado hajaletwa. Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Nimeambiwa niwashikilie wanafunzi wake kwa muda. Hanad aliposikia hivyo aliniuliza swali la Kemia, nami nikamwambia ni swali zuri. Wapi! Hilo halikumtuliza hata kidogo.

Kamati ya zawadi ilimuuliza Mwalimu kama angependa blanketi. Alijibu kwamba ameishi Isiolo muda mrefu na hajaona baridi. Akaomba aachiwe ufunguo wa maabara hadi Novemba, aendelee kufundisha bila malipo. Mwalimu mkuu wetu, Bi. Habon, alikubali kabla sentensi haijaisha, na mimi, sitaficha, nilitokwa na machozi.

Asante, Mwalimu, kwa watoto wetu wote uliowafundisha. Tunakupenda, na tunakuombea afya na siku njema za kustaafu. Pumzika vizuri Jumamosi. Pumzika na Jumapili pia. Jumatatu, kipindi cha kwanza, Hanad na wenzake watakuwa wanakungoja, nami nitakuwa nimekaa dawati la nyuma.

Peris Nakaale,
Idara ya Sayansi