Picha Saba za Ua Moja

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na chumba cha fundi cherehani, na kazi yetu hapo ni kunywa kahawa na kuisahihisha dunia. Asubuhi ile fundi alitoka na chungu cha kaktasi, akakiweka juani mbele yetu. Mmea huo aliupanda mama yake miaka kumi na mmoja iliyopita, na muda wote huo haukutoa kitu ila miiba. Sasa baridi imekwisha, umechanua ua moja jekundu, kubwa kama kisahani. Mama mwenyewe yuko wodini, hainuki kitandani, na wauguzi wamekataa chungu cha udongo kiingie. Basi fundi akamwomba Pasipoti, mpiga picha wa mtaa, apige picha moja tu, naye fundi ampelekee mgonjwa mchana. Afanye hima, alisema, maana maua ya aina hiyo hufumba adhuhuri na hayafunguki tena. Akarudi kwenye gauni la bibi harusi.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Tuliifanya ya saa tatu.

— Usipige kwanza, alisema Hakimu, kinyozi wetu, ambaye hukumu zake hazina rufaa. — Ua kavu halina sura.

Akaleta chupa yake ya kulowesha vichwa, akalinyunyizia hadi likainama. Rada, fundi redio, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mnadhani limechanua kwa jua? Limeshtuliwa na mnara wa simu. Ukilisogelea na kamera, linafumba.

— Umesikia wapi?

— Mimi sisikii. Nachunguza.

Pasipoti akavuka barabara, akapiga kutoka huko. Ikatoka picha safi kabisa ya pikipiki iliyokuwa ikipita. Hapo nami, nisionekane mjinga, nikasema ua likiwa peke yake mgonjwa hatajua ukubwa wake. Asimame mtu kando. Nakiri, hilo lilitoka kinywani mwangu. Pasipoti alilidaka. Miaka ishirini kazi yake ni nyuso mbele ya kitambaa cheupe.

— Picha isiyo na uso ni ya nini? Kaeni nyuma ya chungu. Kidevu juu, masikio yaonekane.

Akatundika shuka ukutani. Tukapigwa mmoja mmoja, halafu sote, naye Pasipoti akajipiga mwenyewe. Hakimu alirudiwa kwa ajili ya kola. Rada akakataa kutabasamu, kwa kuwa jambo ni la hospitali. Katikati tukaagiza kahawa nyingine, na hakuna aliyelitazama ua.

Fundi alipotoka na mkoba begani, lilikuwa limefumba, limejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Pasipoti akamrushia picha kwenye simu yake, akasubiri sifa. Fundi akazifungua moja baada ya nyingine. Tulikuwa tumetoka vizuri mno, hadi vinyweleo. Chini ya videvu vyetu palikuwa na ukungu mwekundu, na katika picha ya mwisho hata ukungu haukuwepo.

Hakugomba. Afadhali angegomba.

— Kaka zangu, alisema taratibu, mama akiniuliza hawa wanaume ni kina nani, nimwambie nini?

Hakimu akamtazama Rada, Rada akanitazama mimi. Fundi akatia simu mkobani, akaondoka kuwahi wodini.