Betri Iko Nyuma ya Tairi

NGIGI: Haloo? Naongea na nani?

MZEE MBUVI: Haloo! Huyo ni Ngigi? Ngigi fundi wa Ruiru?

NGIGI: Ndiye. Sauti yako inapotea potea. Nani huyo?

MZEE MBUVI: Mbuvi! Baba Maluki, wa hapa mtaa wa Landless. Si mlisoma na Maluki?

NGIGI: Aaa, mzee wangu! Habari ya siku mingi! Huko Thika mko aje?

MZEE MBUVI: Ngigi, nimeibiwa.

NGIGI: Ngai! Umeibiwa nini?

MZEE MBUVI: Betri. Ya gari ya Maluki, hii nyekundu ya milango mbili. Nimefungua boneti jana, nikafungua tena leo, nimemulika na tochi mpaka macho inauma. Betri hakuna!

NGIGI: Mzee—

MZEE MBUVI: Na najua ni nani. Huyu jirani, Mwas. Alhamisi gari ilikataa kuwaka, akaleta waya zake tukabusti na moto wa gari yake, ikawaka, halafu jana asubuhi ikakufa tena. Nani mwingine amewahi kufungua hiyo boneti? Leo amenisalimia, sikuitika.

NGIGI: [anacheka] Woi, mzee, mwache Mwas wa watu! Hakuna mtu ameiba. Hiyo gari betri haikai kwa boneti.

MZEE MBUVI: Inakaa wapi? Kwa paa?

NGIGI: Nyuma ya tairi. Ya mbele, upande wa kushoto. Hizo za spoti pua ni fupi, nafasi hakuna, wakaificha huko ndani.

MZEE MBUVI: Nyuma ya tairi? Aiee! Huyo aliyeitengeneza alikuwa amekosana na nani?

NGIGI: Hata mimi nikiilalia chini huwa najiuliza.

MZEE MBUVI: Na Mwas alishikisha waya wapi?

NGIGI: Kuna vichuma viwili hapo juu, ni vya kubusti tu. Betri yenyewe iko huko chini imejificha.

MZEE MBUVI: Basi itabidi nimtafute Mwas.

NGIGI: Umtafute, na umnunulie soda.

MZEE MBUVI: Sasa nielekeze. Betri mpya niko nayo, nilinunua jana mjini, nimekuja na nduthi, hizi pikipiki, nikiikumbatia kama mtoto. Saa hii ni saa tatu na robo. Tuna dakika arobaini na tano.

NGIGI: Kwani unaenda wapi na gari?

MZEE MBUVI: Siendi mahali. Saa nne Maluki anapiga simu kutoka Qatar.

NGIGI: Aaah. Bado anapiga?

MZEE MBUVI: Kila Jumamosi, saa nne. Napiga stata, naweka simu dirishani, anasikiliza injini. Ikiwa sawa ananiambia, "Iko poa, baba." Miaka tatu sijawahi kumwambia haijawaka.

NGIGI: Si umwambie tu betri imekufa? Ni betri, mzee, si figo. Hiyo kazi hata mimi inanitoa jasho. Jumatatu nitakuwa huko kwako na—

MZEE MBUVI: Na nani?

NGIGI: Na... na spana zangu. Dakika ishirini nakuwekea.

MZEE MBUVI: Mm. Jumatatu.

NGIGI: Eeh.

MZEE MBUVI: Hapana. Ni leo. Mimi nimefungua mashine za kiwanda cha nguo miaka ishirini na saba, tairi haiwezi kunishinda. Nimenunua dakika hamsini za kuongea. Nakuweka kwa mfuko wa shati, wewe sema tu.

NGIGI: Haya basi. [kando, kwa msaidizi wake] Shiko! Huyo mteja wa pikapu tulimwandika saa ngapi hapo ukutani? Mwambie angoje kidogo. [kwa simu] Mzee, vuta breki ya mkono. Weka mawe nyuma ya tairi za nyuma.

MZEE MBUVI: Nimeweka tangu asubuhi.

NGIGI: Sasa legeza nati za tairi kabla ya kupiga jeki. Kama ngumu, kanyaga spana na mguu. Polepole.

[Chuma kinagonga chuma. Mzee anahema.]

NGIGI: Mzee? Uko?

MZEE MBUVI: Niko. Moja imekataa... wee!... imekubali.

NGIGI: Piga jeki. Tairi ikitoka, ilaze chini ya gari, hapo pembeni. Jeki ikiteleza, gari ikalie tairi, isikukalie.

MZEE MBUVI: Mama Maluki angekuwa hapa angekuwa amesimama na hiyo jeki akiniombea.

NGIGI: Pole, mzee.

MZEE MBUVI: Ah, ni kitambo tangu tumzike. Ngina alikuwa anaogopa hii gari. Aliingia mara moja tu, akasema amekaa chini ya barabara. [anacheka, anakohoa] Haya. Tairi imetoka. Sioni betri, naona plastiki nyeusi.

NGIGI: Hiyo plastiki iko na vifungo kama vya koti. Vibandue na bisibisi, usivunje. Huku mbele tu, si lazima utoe yote.

[Mtandao unakwaruza. Kitu kinadunda.]

MZEE MBUVI: Ngigi! Naiona!

NGIGI: Eeeh!

MZEE MBUVI: Kumbe uko hapa, mjinga wewe! Imevimba tumbo.

NGIGI: Basi ilikuwa imeenda. Toa waya nyeusi kwanza, spana namba kumi. Halafu nyekundu. Halafu kuna kichuma kimeishika miguuni, hicho ndicho kitakusumbua.

MZEE MBUVI: Mkono hauingii.

NGIGI: Ingiza kutoka chini, kiganja kikiangalia juu. Utafanya bila kuona, na vidole.

[Spana inakwaruza. Mzee anaguna.]

NGIGI: Mzee?

MZEE MBUVI: Usinisumbue. Vidole vinaona.

[Kitu kizito kinaburutwa.]

MZEE MBUVI: Imetoka! Aii, ni nzito hii, na nimekwaruzika mkono.

NGIGI: Damu?

MZEE MBUVI: Kidogo. Iko saa ngapi huko?

NGIGI: Nne kasoro kumi na nane. Mzee, acha nikuulize, usikasirike. Hiyo betri tuliiweka mimi na Maluki wiki ile aliondoka. Nzuri kabisa. Ukiwasha kila Jumamosi haingekufa haraka hivyo. Unaacha taa?

MZEE MBUVI: Siachi taa.

NGIGI: Mlango haufungi vizuri?

MZEE MBUVI: Unafunga.

NGIGI: Na redio?

MZEE MBUVI: Nyekundu ndiyo inatangulia kurudi, ama nyeusi?

NGIGI: Nyekundu. Kuweka, nyekundu inatangulia, kutoa, nyeusi. Mzee, unakaa ndani ya gari?

MZEE MBUVI: Jioni tu. Nikimaliza kula. Nageuza ufunguo kidogo, nasikiza habari ya Kikamba. Lisaa moja. Siku zingine masaa mbili, tatu.

NGIGI: Kwani kwa nyumba redio iliharibika?

MZEE MBUVI: Iko, kubwa kuliko hii. Lakini kwa nyumba, viti vyote unajua vya nani, na unajua hawako. Kwa gari nakaa kwa kiti cha dereva, hiki cha pembeni kiko wazi. Unaweza sema mtu ameshuka tu kununua maziwa. Anarudi saa hii.

NGIGI: Woiye, mzee.

MZEE MBUVI: Usimwambie Maluki. Ataniambia nimeua betri.

NGIGI: Simwambii.

MZEE MBUVI: Ni upweke, Ngigi. Sina jina lingine. Haya, nyekundu imeingia. Nakaza.

NGIGI: Kaza mpaka isicheze na mkono. Kile kichuma cha chini umerudisha?

MZEE MBUVI: Nimerudisha kwanza. Mimi si mtoto. Sasa nyeusi... imepiga cheche! Ngigi, imepiga cheche!

NGIGI: Ni sawa, ni sawa! Ni uhai huo. Kaza tu. Sasa rudisha plastiki, tairi—

MZEE MBUVI: Saa ngapi?

NGIGI: Nne kasoro saba.

MZEE MBUVI: Tairi itangoja. Naingia.

NGIGI: Mzee, gari iko kwa jeki! Hakikisha haina gia! Na usitingishe tingishe!

MZEE MBUVI: Haina gia. Ngoja nikanyage klachi... mguu haufiki vizuri.

NGIGI: Songesha kiti mbele.

MZEE MBUVI: Hapana.

NGIGI: Kuna kachuma hapo chini ya kiti, unavuta tu—

MZEE MBUVI: Najua kaliko. Hiki kiti Maluki alikiacha hivi. Ana miguu mirefu kama ya mamake. Nikikisongesha sitajua kilikuwa wapi. Nitajinyoosha, kama siku zote.

NGIGI: [kwa sauti ya chini] Haya. Piga.

[Stata inalia. Inanyamaza.]

MZEE MBUVI: Ngigi.

NGIGI: Usiogope. Imekaa bila moto. Piga tena, shikilia kidogo.

[Stata inalia. Injini inanguruma, inapanda, inatulia.]

NGIGI: Eeeeeh! Sikia huyo! Mzee, wewe ni fundi! Njoo nikupe kazi hapa Ruiru!

MZEE MBUVI: [anacheka, sauti inakatika] Imewaka. Aki imewaka.

NGIGI: Inaimba! Shiko, sikia, mzee wa miaka sabini amebadilisha betri ya spoti peke yake!

MZEE MBUVI: Sabini na mbili.

NGIGI: Sabini na mbili! Mzee... kuna kitu nilikuwa nataka... Hiyo Jumatatu. Si spana peke yake naleta.

MZEE MBUVI: Najua.

NGIGI: Unajua nini?

MZEE MBUVI: Wiki jana Maluki aliniuliza logibuku, ile karatasi ya mwenye gari, iko wapi. Mtu haulizi logibuku ya gari atarudi kuendesha. Nilimwambia iko kwa sanduku la mamake. Akasema sawa. Wote tukanyamaza, akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Ngigi.

NGIGI: Mzee, haki mimi nilimwambia akuambie yeye mwenyewe. Nilikataa kabisa. Akasema atakuambia, halafu akaniambia hawezi, nikuambie mimi. Ni kijana mmoja wa huko Wendani ameinunua. Jumatatu tunakuja naye.

MZEE MBUVI: Na si alisema anarudi Disemba?

NGIGI: Ameongeza mkataba wa kazi huko Qatar. Miaka tatu.

[Injini inaendelea kunguruma.]

MZEE MBUVI: Nitakuwa na sabini na tano.

NGIGI: Mzee, kama ulijua, mbona umejiumiza hivyo? Tungekuja na gari ya breakdown tuivute, hata hungeshika spana.

MZEE MBUVI: Ndiyo hiyo sikutaka! Hapa Landless kila mtu anajua hii gari. Walisimama kwa geti siku ameileta, watoto wakakimbia nyuma yake mpaka barabarani. Sasa waione ikitoka na kamba shingoni kama ng'ombe aliyekufa? Hapana. Iende, lakini iende na miguu yake. Nitafungua geti mimi mwenyewe.

NGIGI: Sawa, mzee. Itatoka ikinguruma. Nitaiendesha mimi.

MZEE MBUVI: Na kiti usisongeshe mpaka mfike barabarani.

NGIGI: Sitasongesha.

MZEE MBUVI: Mwambie huyo kijana wa Wendani ni gari mzuri. Asubuhi inakohoa kidogo, lakini ni baridi tu.

NGIGI: Nitamwambia.

MZEE MBUVI: Ngigi. Mimi na Maluki hatujui kuongea. Hata zamani. Ngina ndiye alikuwa anaongea, sisi tunaitikia. Akipiga ananiuliza, "Baba, inawaka?" Namwambia sikiza. Anasikiza. Basi. Hiyo ndiyo stori yetu yote, dakika tatu.

NGIGI: Naelewa, mzee.

MZEE MBUVI: Sasa hii ikienda, Jumamosi atanipigia asikie nini? Eeh? Ngigi?

NGIGI: Mzee, mimi—

MZEE MBUVI: Ngoja! Kuna mlio unaingia. Ni yeye! Ni saa nne, ni Maluki!

NGIGI: Shika, shika! Lakini mzee, sikiza kwanza, Jumamosi ijayo mi—

MZEE MBUVI: Asante, mwanangu, Mungu akubariki. Acha nishike kabla akate—

NGIGI: Jumamosi nitaku— Mzee? Haloo? Mzee Mbuvi?

[Simu imekatika.]

NGIGI: Haloo? ... Amekata.

NGIGI: Shiko. Hebu shika hiyo chaki. Ile ya Jumatatu ya Landless, iache hapo. Sasa chini yake andika: Jumamosi, saa nne, pigia Mzee Mbuvi. ... Hapana, si kazi. Andika tu. ... Ya wiki ijayo, na ile ingine, na ile ingine. Andika "kila Jumamosi", na mtu asifute.