Bi Maua Mfaume na Dume la Mita Nne

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Maua Mfaume atafunga mlango wa chumba cha picha cha kituo chetu cha mifugo hapa Kibaha na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka sitini ya umri na thelathini na miwili ya utumishi. Kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, maofisa wote walikuwa na kazi nyingi, basi ikamwangukia dereva. Si vibaya. Mimi, Isihaka, nimemwendesha kwa miaka kumi na tisa, na mengi anayosifiwa yalitokea mimi nikiwa nimembebea kitu kizito.

Alizaliwa Maneromango, wilayani Kisarawe, akaajiriwa hapa mwaka 1993 kama mpiga chapa. Picha zilimjia kwa ajali. Siku moja ya chanjo mpiga picha wa wakati huo aliamka na homa, na Bi Maua akapewa kamera kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mikono misafi. Filamu iliposafishwa, picha zote thelathini na sita zilikuwa za miguu ya ng'ombe. Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa daktari wa mifugo. Yeye alikuwa akifuatilia ugonjwa wa miguu na midomo, na hakuwahi kuona kwato zilizotoka vizuri namna ile. Wiki iliyofuata mashine ya chapa ilitafutiwa mtu mwingine.

Makazi yake ni mtaa wa Picha ya Ndege, hapa hapa Kibaha, na hilo limemsumbua kuliko mbung'o. Kila akijitambulisha kuwa ni mpiga picha wa Picha ya Ndege, mtu humuuliza ndege wenyewe wako wapi. Kwa taarifa ya wote: ndege pekee aliowahi kuwapiga picha ni kuku wa mayai.

Mwaka 2010 mradi mmoja ulimalizika ukatuachia meza tatu, feni na kamera kubwa nyeusi yenye lenzi nzito kama mchi. Meza ziligombewa. Bi Maua aliichukua kamera. Alitueleza kwamba ndani yake mna sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, na kwamba hicho kilikuwa kikubwa, kama stempu ya barua. Tuliitikia kwa adabu, tukaenda kunywa chai.

Mambo yaliharibika mwaka 2019. Bwana Augustino, mkuu wa kituo wakati huo (ameusoma wasifu huu na kuridhia kila neno, isipokuwa moja ambalo nimelitoa), aliagiza kamera mpya, ndogo, inayoingia mfuko wa shati. Ilikuwa na megapikseli ishirini, ile nzee ilikuwa na kumi na mbili tu. Lenzi yake ilijisukuma nje yenyewe kama shingo ya kobe na kumvuta ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Amri ikatoka: kamera kubwa iende stoo.

Bi Maua aliandika barua ya kupinga. "Kamera mpya haifai kwa mabango," alisema. "Sababu: sensa ndogo." Majibu yalirudi siku hiyo hiyo kwa wino mwekundu: sensa ya mifugo ni mwakani, na asiingilie kazi za idara nyingine. Tangu siku hiyo anasema kihisi, na ole wako useme vinginevyo mbele yake.

Akaenda kwa mkuu mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, na sisi tulikuwa tumejaa koridoni tukitafuta faili.

"Mkuu, kihisi cha hii kamera ni ukucha wa kidole kidogo," alisema. "Bango ni mita nne. Picha itavutwa zaidi ya mara mia sita. Ya kwangu itavutwa mara mia moja na kidogo. Donge dogo la unga ukilisukuma liwe chapati ya harusi, si litatoboka? Na kila kasoro ya lenzi inavutwa pamoja nalo."

"Lakini hii ina megapikseli ishirini!"

"Chapati ndogo ukiikata vipande ishirini haiwi kubwa, Mkuu."

Koridoni mtu alicheka. Sitamtaja, lakini anaendesha gari. Wiki mbili baadaye Bi Maua alihamishiwa stoo kuhesabu chupa za chanjo. Alikaa huko miezi minne na kamera yake, ambayo aliifungia kwenye ndoo yenye mchele mkavu ili lenzi isiote ukungu. Alikuwa akija asubuhi, anasalimia, anahesabu, anaondoka. Hakulalamika, lakini chai alikuwa hanywi na sisi. Nikiri kwamba kipindi kile nilidhani atastaafu humo.

Kisha ikakaribia Siku ya Wafugaji, Kisarawe. Kituo kilitaka wafugaji wadogo walete mitamba yao ipandwe na dume bora, na dume bora kuliko yote lilikuwa la Mzee Ngeleja, mfugaji aliyehamia Kisarawe kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita. Lilikuwa jekundu, lenye nundu kama gunia la mkaa. Mzee aliliamini kuliko baadhi ya wakwe zake. Bwana Augustino alikwenda kulipiga picha mwenyewe. Dume lilikuwa kivulini, ndani ya zizi, na kwa kuwa lilimtazama vibaya, mkuu alisimama umbali wa hatua hamsini, nyuma ya gari langu, akalivuta kwa lenzi. Kwenye kioo kidogo cha kamera lilipendeza kweli. Hata mimi nilisifu.

Bango lilitundikwa langoni kwetu, Mzee Ngeleja akaalikwa Kibaha kuja kuliona. Alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Ni dume lako, Mzee wangu," alisema Bwana Augustino.

"Dume langu lina macho."

Alikuwa na haki. Katika mita nne manyoya yalikuwa uji, pembe zimeungana na miti, na mwili mzima umejaa chenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Kile kihisi kidogo kilipata mwanga kidogo mno kivulini, kamera ikajaza palipopungua kwa kubahatisha.

"Mnataka watu walete mitamba kwa blanketi hili?" alisema Mzee Ngeleja. "Liondoeni. Na dume langu siji nalo."

Zilibaki siku tano. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kualikwa, na bila dume hatukuwa na shughuli, tulikuwa na turubai na soda. Nilimwona Bwana Augustino akitembea uwanjani mara mbili, kisha akaelekea stoo. Aliinama kidogo mlangoni, kwa kuwa mlango ni mfupi au kwa sababu nyingine.

"Bi Maua, ile habari ya chapati," alisema. "Hebu nieleze tena."

Hakumcheka. Alimwelezea tena, taratibu, akaiinua kamera kutoka kwenye mchele, na kesho yake asubuhi tukaenda Kisarawe wote watatu. Mzee Ngeleja alikubali kwa sharti moja: asiyejua kupiga picha asishike kamera.

Bi Maua aliingia ndani ya zizi. Mimi nilipewa shuka jeupe nilishike ubavuni, lirudishe mwanga kwenye uso wa dume. Dume lilipenda shuka. Lilianza kulila upande mmoja huku mimi nikivuta upande mwingine, Bwana Augustino akiwa juu ya uzio na viatu vyake vya ofisi, akipaza sauti, "Usiliachie, Isihaka, ni mali ya kituo!" Katikati ya vurugu hiyo mwanamke yule alipiga magoti kwenye samadi, akashusha pumzi, akabonyeza mara tatu tu.

Kituoni tulipozifungua picha, dume lilikuwa hai. Lakini Mzee Ngeleja, aliyesimama nyuma yake kwa kanzu mpya, alikuwa ukungu mtupu. Bi Maua alijishika kichwa. Kihisi kikubwa na lenzi iliyofunguliwa wazi huchagua kimoja cha kukikazia, na yeye kwa kulipenda dume alimsahau mwenye dume. Alimpigia simu kuomba radhi, akaomba arudi kumpiga picha upya.

"Acha, mama," Mzee alimjibu. "Mimi siuzwi."

Bango jipya lilitoka. Ungeweza kuhesabu kope. Na ndani ya sikio la kushoto, amenona, ametulia, alikuwepo kupe mmoja, mkubwa kama sahani ya wali. Kituo cha mifugo, miaka yote tunahubiri josho la dawa ya kupe, na sasa tumetundika kupe wa hadhi ile! Bwana Augustino alisihi afutwe kwa kompyuta.

"Kupe yupo," alisema Bi Maua. "Mkitaka atoke kwenye picha, atoke kwanza sikioni."

Mzee Ngeleja alipopata habari aliogesha kundi zima siku hiyo hiyo, kwa aibu, na kuja kwenye Siku ya Wafugaji na dume linalong'aa. Watu walimiminika kumtazama kupe. Walimcheka, kisha wakaanza kuangalia masikio ya ng'ombe wao. Mwezi ule josho letu lilipata foleni ambayo semina zetu hazijawahi kuileta, na mitamba ililetwa mpaka Mzee akaomba dume lipumzike.

Bi Maua alirudishwa chumba cha picha bila barua. Mkuu alimbebea ndoo ya mchele mwenyewe. Kamera ndogo Bi Maua hakuitupa. Aliitumia kwa vitambulisho na matukio ya juani, akisema kwamba kwenye picha ya ukubwa wa kiganja hakuna atakayeona tofauti, na anayedai anaiona ana majivuno. Hayo yote amemfundisha Rahma, anayeshika nafasi yake.

Wiki iliyopita nilimpeleka Kisarawe kuaga. Tukirudi, saa kumi na moja jioni, kundi la ng'ombe lilivuka barabara, vumbi likiwaka kwa jua nyuma ya pembe zao. Kwa mazoea nilikanyaga breki nikageuka nyuma nimpe mfuko wa kamera. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kamera alikuwa amemwachia Rahma.

"Turudi tukaichukue?" nilimuuliza, kama mjinga, maana Kibaha ni mbali.

Alishusha kioo, akaegemea dirisha. "Ngoja wavuke, Isihaka," alisema. "Leo naangalia tu."

Nilizima injini. Tulikaa hapo mpaka ndama wa mwisho akavuka.

Bi Maua, ahsante kwa miaka thelathini na miwili. Wafanyakazi wenzako, waliopo na waliotangulia kustaafu, tunakuombea afya, umri na jioni nyingi za namna ile.

Isihaka, Dereva