Shija Hakusema Kosa

Kijiwe chetu kipo Mlandege, chini kidogo ya stendi, penye benchi la mbao lililoegemea ukuta wa nyumba ya kupanga ya Mama Apolonia. Mimi Saulo ndiye ninayeuza kahawa hapo. Sipendi maneno mengi asubuhi, lakini muuza kahawa hachagui wateja. Julai ile ya mwaka sabini na sita baridi ya Iringa ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Kwenye benchi walikaa watatu: Philbert, tuliyemwita Katibu kwa sababu hata salamu yake ina ajenda, Isakwisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, jina la kijiweni Redio, na Jailos Breki, fundi wa malori, mwenye mabega mapana kama mlango. Nafasi ya nne, ile ya karibu na jiko langu, ilikuwa wazi. Ilikuwa ya Shija. Shija tulimzika Alhamisi, na Jumamosi hiyo baba yake alikuwa njiani kutoka Usangu kuja kuuliza mwanawe alikufaje.

— Tukubaliane maneno, alisema Philbert. Mzee akifika asikute huyu anasema hili, yule anasema lile.

— Maneno gani ya kukubaliana? nikamwuliza. Si mlikuwepo wote?

— Wewe Saulo mimina kahawa.

Nikamimina. Ambaye hajawahi kukaa kijiweni kwetu inabidi kwanza aelezwe habari ya kisahani. Mwalimu mmoja wa misheni, Mmarekani, alipoondoka kurudi kwao alituachia kisahani cheupe cha plastiki cha kurusha, na mchezo wake. Watu saba huku, saba kule. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho, unamrushia mwenzako, mpaka mmoja wenu akidakie nyuma ya mstari wa wapinzani, hiyo ni pointi. Tulikuwa na timu nne, na Jumamosi baada ya kazi watu walijaa uwanjani, wengine kwa kutucheka tu. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba hakuna refa. Ukigongwa, wewe mwenyewe ndiye unayepaza sauti, "Kosa," na mchezo unasimama. Usiposema, hakuna kosa. Na hakuna ruhusa ya mtu kumsemea mwingine. Hilo Philbert alilishika kuliko anavyoshika Amri Kumi.

Shija alipanga chumba hapa kwa Mama Apolonia, lakini kazi yake ilikuwa kupasua mbao Kihesa, kwa hiyo alichezea Kihesa. Hawa watatu walichezea Mlandege. Asubuhi wanakunywa kahawa pamoja, mchana wanafukuzana. Ndivyo walivyoishi.

— Upepo, alisema Isakwisa. Mzee tumwambie upepo. Julai upepo wa hapa unashuka mlimani bila kupiga hodi. Kisahani kilipaa, Shija akakifuata, macho mawinguni, hakuona anatua wapi.

— Siku ile moshi wa jiko langu ulipanda wima, nikasema.

— Wewe ulikuwa ng'ambo kule na birika lako.

Kweli nilikuwa ng'ambo. Niliona watu wawili wakiruka, halafu vumbi.

— Siyo upepo, alisema Jailos. Ni kisahani chenyewe, kimepinda. Lea wangu alikifunikia sufuria ya uji wa moto, kikalegea upande mmoja. Tangu hapo hakiendi unakokituma.

— Kwa hiyo aliyemwua Shija ni mkeo na uji wake?

— Sijasema hivyo, Saulo. Nasema plastiki ikishapata moto haina adabu tena.

— Plastiki haiwezi kusimama mbele ya mzee wa watu, alisema Philbert. Tuzungumze kitaalamu. Shija amekulia bondeni, kwenye joto, kwenye ng'ombe. Huku kwetu juu hewa ni nyembamba. Mtu wa bondeni akiruka huku, anapanda kuliko alivyozoea. Sasa akipanda kuliko alivyozoea, atashukaje?

— Miaka yote hii alikuwa anapanda na kushuka salama.

— Ilikuwa inajikusanya.

— Nini inajikusanya?

— Hewa. Mwilini.

Isakwisa alipiga funda la kahawa, akafuta mdomo kwa kiganja.

— Kama tumefika huko, basi mimi nasema uwanja. Pale kwenye mstari wa Kihesa, zamani walizikwa askari wa Mjerumani. Bibi mmoja wa Kihehe aliniambia. Ukiruka juu ya kaburi la askari, unashikwa mguu.

— Askari amshike Shija, nikasema, halafu Jailos waliyeruka pamoja amwache?

— Jailos alivaa buti.

Hapo hata Philbert alitaka kucheka, akaiona ile nafasi wazi, akajizuia. Mimi nilikuwa nimeshachukia. Watu wazima, na mmoja wao alitusomea sala makaburini juzi tu, wanamzushia marehemu mambo ya watoto. Niliongeza mkaa jikoni ili nisitukane.

— Lakini tukiacha utani, alisema Isakwisa, sauti imeshuka. Lile goti...

— Goti gani? aliuliza Jailos.

— Nilikuwa nyuma yenu, Breki. Mlipokuwa juu, goti lako lilimwingia mgongoni, ukamshukia na uzito wako wote. Alitangulia kichwa.

Jailos aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama.

— Alisema kosa?

— Hakusema.

— Basi.

— Alikuwa amelala kifudifudi, Breki.

— Katibu alimwuliza. Mwulize Katibu.

Niligeuka nikamtazama Philbert. Kwamba walimaliza mchezo Shija akiwa amelala pembeni, hilo mji mzima ulilijua na kila mtu alikuwa na neno lake. Kwamba aliulizwa, hilo nilikuwa silijui.

— Nilimwuliza, alisema Philbert. Kanuni ni kanuni. Tulimgeuza, nikainama, nikamwambia, Shija, unasema kosa au husemi? Nikangoja. Nikamwuliza tena. Hata wenzake wa Kihesa walikuwa wamesimama wanangoja aseme. Mdomo ulicheza, sauti haikutoka. Ningefanyaje? Breki alikuwa na kisahani mkononi, nyuma ya mstari. Nikatangaza pointi.

— Mkaendelea kucheza.

— Tulidhani amekatika pumzi tu, Saulo. Mchezo ulikuwa unaelekea mwisho. Tukamsogeza kivulini, tukamfunika koti.

— Koti langu, alisema Jailos.

Shija huyo kila asubuhi alinisaidia kuteremsha jiko kutoka barazani, na hakuwahi kunidai kikombe cha bure. Mtu kama huyo analala chini, mdomo unacheza, na rafiki yake amemwinamia anangoja tamko.

— Hayo ndiyo mumwambie mzee, nikasema. Hayohayo, yalivyo.

— Haiwezekani, alisema Philbert, na hakuwa anatania. Kosa analisema aliyefanyiwa. Isakwisa hawezi kumsemea. Hata Breki hawezi kujisemea, kanuni haina nafasi hiyo. Tukianza leo kusema kulikuwa na kosa, maana yake nini? Maana yake ile pointi haikuwa pointi, na yote tuliyocheza baada ya pale...

Hakumaliza. Alichomoa kalamu mfukoni, akaichungulia ncha, akairudisha.

— Na mwenye kulisema yuko makaburini, nikamwambia.

— Ndiyo maana nasema ni jambo gumu.

Jailos aliinuka, akakaa tena. Sauti yake ilikuwa imepanda.

— Mimi nawaambieni, hii kitu ilitoka kwao. Nyie fikirini. Mtu baba yake ana ng'ombe wamejaa bonde zima, anaacha ng'ombe, anakuja kupasua mbao Kihesa. Ndugu zake kule wanafurahi? Kuna mtu alimfunga huyo. Walimfunga zamani, wakangoja siku aruke juu. Mimi nilishuka tu, jamani. Kila anayeruka lazima ashuke. Aliyemvunja shingo Shija yuko Usangu, anakunywa maziwa.

— Hodi hapa, ilisema sauti.

Kwenye kona ya nyumba alisimama mzee mrefu, amejitanda blanketi jeusi, miguuni katambuga za tairi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Hatukuhitaji kuuliza. Ulikuwa uso wa Shija uliozeeka. Amesimama pale tangu lini, hakuna aliyejua.

Wote waliinuka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mimi Nkuba. Baba yake Shija.

Nilimwonyesha pa kukaa kabla sijafikiri, akaenda kukaa palepale karibu na jiko. Nikampa kahawa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

— Mzee wetu, alianza Philbert, kwa niaba ya wana Mlandege wote, na kwa niaba ya...

— Nimeshapoa, mwanangu. Mama mwenye nyumba alinipokea stendi, amenipeleka kaburini, nimeona mmemzika vizuri. Gari la kurudi linaondoka sasa hivi, sitakaa. Mama yake, Mbuke, hakuweza kuja. Tangu apate habari miguu imemkataa. Amenituma neno moja tu. Anataka kujua mtoto wake alikufaje, na ajue kwa waliokuwa naye. Hospitali wameniambia shingo. Shingo nimeelewa. Nauliza kabla ya shingo.

Watatu wakatazamana. Isakwisa, ambaye hata akilala anaongea, alikuwa anakwangua ukucha kwenye ubao wa benchi.

— Ulikuwa mchezo, mzee, alisema Philbert.

— Mchezo gani?

Hapo Philbert alipata pa kushika. Akaeleza kisahani, akaeleza saba na saba, akaeleza mstari. Mzee Nkuba alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelekezwa njia ya ugenini.

— Anayeamua ni nani?

— Hakuna mwamuzi, mzee. Ndiyo uzuri wake. Yule mwalimu alitufundisha tuaminiane. Mtu akiumizwa anasema mwenyewe.

— Mwenyewe.

— Mwenyewe. Hakuna anayemsemea.

— Shija alisema nini?

— Hakusema, mzee.

— Mlimwuliza?

— Nilimwuliza mimi. Mara mbili.

— Akiwa ameanguka?

— Akiwa... ndiyo, mzee. Amelala.

Mzee Nkuba alikizungusha kikombe mikononi. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo, hasira tungejua pa kuiweka.

— Sasa nifahamisheni jambo moja, alisema. Mimi mchezo huu siujui. Kwenye mchezo wenu, aliyeumia akashindwa kusema, nani anamsemea?

Philbert alipeleka mkono kwenye kalamu, safari hii hakuichomoa. Isakwisa alimtazama Jailos. Mimi nikamtazama Jailos. Mzee naye akafuata macho yetu, akamgeukia Jailos, akamsubiri. Hakumkazia macho. Alimsubiri kwa upole, kama unavyomsubiri mtu mwenye kigugumizi.

Jailos alifungua mdomo. Mdomo ulicheza, sauti haikutoka.

Mama Apolonia alitoka ndani na sanduku la Shija, lile la mbao alilojitengenezea mwenyewe, akaliweka miguuni pa mzee. Huko juu stendi gari lilipiga honi. Mzee Nkuba alingoja honi iishe, akangoja kidogo tena. Kisha akaweka kikombe juu ya benchi, kimejaa vilevile, akalitwaa sanduku begani.

— Asanteni kwa kumzika mwanangu, alisema. Mbuke nitamwambia niliwauliza, hawakusema.

Akapandisha njia ya stendi. Birika langu bado lilikuwa zito, na hakuna aliyeniomba kahawa.