Bangili ya Kasino Mkononi mwa Mwosha

Nilisikia kengele kabla sijaona chochote. Nilikuwa ndani ya basi dogo la hoteli, macho nimeyafumba, kichwa nimekiegemeza kwenye kioo, safari ya kutoka uwanja wa ndege imenilaza. Basi likasimama, mlango ukafunguliwa, na zikanijia zote kwa pamoja: kengele ndogondogo, mamia, kama vijiko vinavyogonga bilauri, na chini yake mlio wa kitu kinachozunguka bila kuchoka. Nikatabasamu hata kabla ya kufumbua macho. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo mngejua kwamba mtu huyu ameshapotea. Nimezaliwa Pemba. Nilikuwa nimekaa huku Marekani miaka kumi na minne bila kuoga baharini. Sasa nimefikishwa kisiwani, bahari iko hatua mia mbili mbele yangu inavuma, na sikio langu halikuisikia. Lilisikia mashine.

Mnivumilie, maana mimi si msemaji. Mchana nafanya usafi wa maofisi kule Arlington. Kazi yangu nyingine, isiyo na mshahara, ilikuwa kuosha maiti. Nyinyi wenzangu Wakristo niwaeleze kidogo. Kwetu Waislamu mtu akifa huoshwa kwa mikono ya watu wake, akavishwa sanda, akazikwa upesi, siku hiyohiyo ikiwezekana. Huku ugenini wengi hawana watu wao, na wanaoijua kazi hiyo ni wachache. Kwa hiyo simu ya mwosha haizimwi. Nimeitwa nikiwa kazini, nimeitwa nikiwa kwenye harusi na sahani ya pilau mkononi. Nikiitwa, nilikwenda.

Aliyenifundisha tutamwita Maalim, jina lake libaki kwake. Alinifundisha kwamba maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Kwamba unaanza upande wa kulia, na nguo ya kumsitiri haiondolewi hata mkiwa wawili tu, wewe na yeye. Kwamba ukiona kovu, au ugonjwa, au aibu yoyote kwenye mwili wa mtu, unaifukia moyoni papo hapo, humwambii hata mkeo. Alikuwa na kata ya kifuu aliyokuja nayo kutoka nyumbani, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa, na ndiyo aliyotekea maji. "Mwosha huoshwa," alikuwa akiniambia, kisha ananitazama vidole na kunichokoza: "Na mimi utaniosha wewe. Kwa hiyo kata kucha, zinakwaruza."

Hilo la kucha lilikuwa mzaha. Hilo la kumwosha halikuwa mzaha. Figo zake zilipoanza kushindwa, alimwita mkewe, ambaye mimi namwita Bi Mkubwa, akalirudia mbele yake kama wasia: huyu ndiye ataniosha. Nikaitikia.

Sasa kasino. Nilianzia kwenye ile kubwa iliyo kando ya mto, tulipokwenda na wenzangu wa kazini kumpongeza mmoja wetu. Habari za fedha sitawasimulia, kila mmoja wetu tuliokuja humu kuacha kamari anazijua za kwake. Miaka mitatu. Nilikuwa naingia baada ya kazi na kutoka wakati mke wangu keshalala, na nikiulizwa nasema kulikuwa na maiti. Mnasikia? Nilikuwa nawasingizia marehemu ambao hawajafa.

Kasino wana dada mmoja ambaye kazi yake ni kukupigia simu. Anajua jina lako, anajua siku ya kuzaliwa ya binti yako. Akanipigia siku moja kwa sauti ya furaha ya kweli, akasema wana hoteli mwenza huko visiwa vya Karibi, na kwamba mteja kama mimi anakaribishwa siku nne bure, tiketi, chumba na chakula. Mteja kama mimi. Nilijiona mtu mkubwa.

Nikamwambia mke wangu nimepata kazi ya kusafisha jengo jipya Ohio. Kisha nikaenda Woodbridge kumuaga Maalim. Alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi, miguu imevimba. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Ohio, siku nne. Akavuta blanketi, akasema, "Usiende mbali sana, mwanangu."

"Siendi mbali, Maalim."

Niwaambie basi yaliyokuwako kule, kwa sababu picha mnaziona na mnatamani, na sitaki kusema uongo kwamba palikuwa pabaya. Palikuwa pazuri. Mchanga mweupe, laini kama unga wa mchele. Kiwanja cha golfu kinashuka kilima mpaka kando ya maji, nyasi zake fupi kama nywele zilizotoka kwa kinyozi, na wazungu wanazunguka humo na vigari vidogo visivyo na mlio. Palikuwa na bwawa ambalo ndani yake kuna baa, unakunywa umekaa majini. Mashua yenye sakafu ya kioo ya kutazamia matumbawe. Farasi wa kupanda ufukweni. Chumba cha kukandwa mwili kwa mafuta. Mkahawa mmoja ukuta wake mzima ni tangi la samaki, papa wanakupita huku unakula. Jioni vijana wanapiga ngoma za chuma, watoto wanacheza pembeni.

Yote hayo nimeyasoma kwenye kijitabu kilichokuwa juu ya mto wa kitanda changu. Niliyaona kwa macho kidogo sana. Hoteli ile imejengwa hivi: huwezi kutoka chumbani kwenda popote bila kupita kasino. Ukienda baharini, unapita kasino. Ukienda kwenye golfu, unapita kasino. Ukienda kula, ukirudi kulala, unapita mle mle. Hakuna dirisha wala saa. Na mlangoni tulivishwa bangili za plastiki, kila mgeni na rangi yake. Ya wageni wa kasino ilikuwa ya dhahabu. Ikishafungwa, haivuki kiganja, mpaka ikatwe. Nilivishwa mkono wa kulia, na nikaipenda.

Siku ya pili, Ijumaa, simu ikatetemeka mfukoni. Mke wangu. Alikuwa analia. Maalim amefariki alfajiri, na Bi Mkubwa anauliza nitafika saa ngapi.

Nilikuwa nimekaa kwenye mashine. Sikusimama. Nikasema nakuja sasa hivi, nikakata simu, kisha nikamwandikia meseji fupi, ile meseji ambayo kila mmoja wetu ameiandika akiwa bado kitandani anatafuta soksi: Niko njiani.

Kusema kweli, nilitaka iwe kweli. Nilikwenda mapokezi, nikaambiwa ndege ya mchana ina nafasi na basi la hoteli linaondoka baada ya saa moja. Nikapanda chumbani, nikafunga mkoba, nikashuka nao. Nikapita kasino, kwa kuwa hapakuwa na pa kupita pengine. Nikaona mashine yangu haina mtu. Nikasema dakika tano.

Niliposimama, basi lilikuwa limeondoka zamani.

Jumamosi asubuhi wakaniuliza tena. Nikasema barabara ina ajali kubwa, magari yamesimama. Nilikuwa na mkoba miguuni, uleule, sijaufungua. Binti yangu akaichukua simu kwa mama yake. Huwa ananijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, lakini siku hiyo alijitahidi, akaniuliza taratibu: "Baba, njia ni ndefu?" Nikamwambia ni ndefu, mwanangu.

Walimngoja mwosha siku mbili. Imamu alimshauri Bi Mkubwa, wazee wakamshauri, wakamwambia maiti hacheleweshwi hivi. Yeye akashikilia wasia wa mumewe. Akasema mngojeni, kijana yuko njiani. Maalim, aliyewaosha watu wa watu upesi na kwa heshima maisha yake yote, alilala siku mbili kwenye jokofu la watu asiowajua, kwa sababu ya maneno yangu mawili. Jumamosi alasiri Bi Mkubwa akakubali. Wakamwosha wengine.

Nilirudi Jumapili, kwa tiketi ya kasino, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Uwanja wa ndege nilijaribu kuikata bangili kwa meno. Ilikuwa ngumu. Nikavuta mkono wa shati mpaka kwenye kidole gumba, nikaenda moja kwa moja msibani. Ngazi zimejaa viatu. Watu wakanipokea vizuri, wakanipa pole ya safari, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Mmoja akaniuliza ajali ile ilikuwa wapi hasa.

Bi Mkubwa alikuwa ameshaanza eda yake ya mjane chumbani, mlango nusu wazi, na mimi kwake nilikuwa kama mwana, kwa hiyo nikasimama kizingitini kumpa mkono wa pole kwa maneno. Nikasema tumwombee. Nikanyanyua mikono miwili kama tunavyonyanyua.

Mkono wa shati ukashuka.

Alisoma. Anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi, alikuwa mwalimu. Jina la hoteli lilikuwa limeandikwa pale kwa herufi nyeusi, na neno kasino, na picha ya mnazi. Akaitazama kwa muda. Kisha akamwomba msichana aliyekuwa naye alete mkasi, ule uliokatia sanda. Akanipa.

"Kata mwenyewe," akasema. "Usiombe dua na hiyo."

Nilikata kwa mkono wa kushoto, ambao si hodari, na mkasi ulikuwa mkubwa. Ilichukua muda. Sebuleni watu walikuwa wanasoma Kurani, na yeye alikuwa akinitazama. Ilipoanguka, hakuiokota.

"Niliwaambia uko njiani," akasema.

Mngependa niseme kwamba niliacha siku hiyo. Sikuacha. Wiki saba baadaye nilikuwa kando ya mto tena. Lakini kuna jambo lilitokea polepole, kama chumba kinachopoa. Simu yangu iliacha kulia. Watu walikufa, nilisikia kwa wengine kwamba wameshazikwa. Hakuna aliyenitukana. Hawakuniita tu. Mke wangu alikuwa ameondoka na mtoto, yuko kwa dada yake. Mchana mmoja, Arlington, nimekaa kwenye ngazi za dharura nakula mkate, simu ikalia. Nikasema wamenisamehe. Nikatazama. Alikuwa yule dada wa kasino. Akaniambia kwa sauti ileile ya furaha kwamba wamenikumbuka sana.

Hapo, ndugu zangu, ndipo niliposimama. Nilielewa kwamba duniani kote amebaki mtu mmoja tu wa kuniita, na ni huyu. Alasiri hiyohiyo nilikwenda kujiandikisha kwenye orodha ya watu wanaojizuia wenyewe kuingia kasino, nikapigwa picha kama mhalifu, nikasaini. Kisha nikatafuta chumba hiki.

Mara tatu niliingia humu na kutoka kabla sijakaa. Mara ya tatu mama huyu muuguzi, mtu wa Nyeri, mwenye birika, alinifuata mpaka kwenye lifti. "Wee, ngoja chai kwanza," akaniambia. "Hata shetani hangetoka Landover na mvua hii bila chai." Nikacheka. Nilikuwa sijacheka miezi. Mama, asante. Asante kwa kila Alhamisi uliyonipigia kuniuliza niko wapi, na kukataa kusikia kwamba niko njiani. Asante mke wangu, uliyerudi bila kuniahidi chochote. Yuko pale nyuma, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Asanteni nyote mlionisikiliza nikidanganya mwanzoni na mkaniacha nimalize.

Funzo langu ni dogo. Usiseme uko njiani ilhali umekaa. Sema: nimekaa. Nimekaa pabaya, na miguu hainyanyuki, njooni mnichukue. Kama Ijumaa ile ningemwambia mke wangu maneno hayo, wangenilaani, wangenicheka, na Maalim angezikwa siku hiyo. Uongo wangu haukunificha mimi. Ulimzuia yeye.

Namalizia na la mwezi uliopita, nisiwape matumaini makubwa kuliko niliyonayo.

Imamu alinipigia. Kijana wa Kikongo aliyekuwa akifanya kazi kwenye maghala huku Landover amefariki, hana ndugu upande huu. Waosha wawili waliobaki, mmoja yuko hospitali na mgongo, mwingine amesafiri. Ufunguo wa chumba cha kuoshea anao Bi Mkubwa, kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyekitunza. Imamu akaniuliza kama naweza. Nikasema nimekaa nyumbani, navaa viatu, nikitoka mlangoni nitakupigia. Nikatoka. Nikampigia.

Nilimkuta Bi Mkubwa ameshafungua, amewasha taa, amepasha maji. Kijana yupo juu ya meza chini ya shuka nyeupe, vidole vya miguu vimechomoza. Yule mama hakunijibu salamu kwa sauti, midomo ndiyo ilitikisika. Akafungua kanga aliyokuwa ameishika, akatoa kata ya Maalim, akaiweka ukingoni mwa ndoo. Nikataka kusema lile nililokuwa nimelitunga mwaka na nusu. Akaniinulia kiganja.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini maiti hangoji mpaka nikusamehe."

Akatazama vidole vyangu. Nilikuwa nimekata kucha.

Akajifunga kanga yake, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.