Risasi Iliyochana Shati Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana mimi leo nguvu sina. Mwimbishaji amenipa kipaza sauti akaniambia, "Mama, changamka!" Mwanangu, nimechangamka hapa nilipofika. Nimechoka, na ushuhuda wangu ni wa mtu aliyechoka, lakini Mungu wetu hachagui. Amina?

Kwa wasionifahamu, naitwa Naomi Shemweta, koplo wa polisi. Nakaa Mabawa na mama yangu mzazi, ambaye sasa haamki kitandani bila kuinuliwa. Asili yetu ni Wasambaa wa milimani. Baba aliteremka kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akazeekea huku, nasi tukawa watu wa Tanga. Mume wangu Bwana alimtwaa mapema. Kilichobaki ni watoto, kanisa na kazi.

Kazi yangu ni ya dawati la wanawake na watoto. Anakuja mama kutoka ng'ambo ya mto Pangani, kavuka na kivuko, uso umevimba na mtoto kamfunga mgongoni. Anakaa mbele yangu, haongei. Mimi simkimbizi kwa maswali. Namtafutia chai kwanza, namshika mtoto, na baadaye maneno yanakuja yenyewe. Kazi hiyo naipenda, ndugu zangu! Inanichosha hadi mifupa, lakini naipenda.

Basi likaja agizo. Kila askari, awe wa doria, wa kaunta au wa dawati, arudi mazoezini. Mbio na viungo asubuhi, kisha shabaha. Atakayeshindwa mtihani atarudia, na atakayeshindwa tena atapendekezwa kustaafu. Sisemi agizo lilikuwa baya. Askari asiyeweza kukimbia wala kulenga ni hatari kwa raia, na ni hatari kwa mwenzake. Hilo nalijua. Lakini kujua ni jambo moja, na magoti ni jambo jingine.

Tukaanza mchakamchaka. Vijana mbele wanaimba, sisi watu wazima nyuma tunahema. Wanageuka, wanatuita "wazee wa kikao". Ni utani tu, utani wa jeshini, lakini ukiwa umechoka utani huchoma. Niliyekuwa nahema naye huko nyuma ni Sajenti Hamadi, Mpemba, anakaa Chumbageni na familia yake. Mtu mpole, mwenye maneno machache. Nilikuwa namheshimu.

Siku ya shabaha ilituangukia ndani ya Ramadhani. Uwanja wenyewe uko nje ya mji, hakuna kivuli, na jua la Tanga mnalijua. Tulilenga asubuhi ile, nikapata vizuri tu. Kisha ikaja amri ya kutoa risasi.

Nifafanue kidogo, maana hapa ndipo penyewe. Ukimaliza kulenga, mtutu unabaki umeelekea mbele. Unatoa magazini kwanza. Halafu unakoki, ili risasi iliyobaki ndani iruke nje. Unachungulia chemba, pale risasi inapokaa, unaona iko tupu, ndipo unabonyeza kifyatulio na bunduki inalia "ta", mlio mdogo wa chuma kitupu. Magazini kwanza, kukoki baadaye. Ukigeuza mpango huo, ukakoki kwanza na magazini bado imo, risasi nyingine inapanda chemba. Ukitoa magazini baada ya hapo, unaona umemaliza, kumbe kifo umekiacha ndani.

Sajenti Hamadi alikuwa kuliani kwangu. Aligeuza mpango. Hakuchungulia chemba, na kizunguzungu kilimyumbisha upande wangu huku kidole kikibonyeza.

Ndugu zangu! Sikusikia mlio. Niliona shati langu limechanika mkono wa juu, kitambaa kinaning'inia, nikashangaa nani kanivuta. Halafu masikio yakaanza kupiga filimbi na watu wote wakawa chini. Mimi nimesimama. Ngozi haikuguswa hata kidogo. Bwana asifiwe!

Mngedhani ushuhuda umeishia hapo. Hata mimi nilidhani hivyo. Jumapili ile nilitoa sadaka ya shukrani hapa hapa, mkapiga vigelegele, na mimi nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha.

Nilipopangiwa mtihani wangu, nikalala chini na bunduki, nikaweka jicho kwenye shabaha, na macho yakafumba yenyewe. Mkono ukaruka. Risasi ikala udongo. Nikajaribu nyingine, hivyo hivyo. Mkufunzi wetu, Inspekta Salome, binti mdogo ila ana akili iliyotulia, akachuchumaa kando yangu akasema, "Mama, unafumba macho kabla hujafyatua. Unausubiri mlio wa jirani." Nikamwambia sifumbi. Akasema, "Unafumba, mama." Nikashindwa mtihani. Nikabakiwa na nafasi moja.

Hapo ndipo nilipoingia shimoni. Chakula hakipiti. Mlango ukijipiga kwa upepo naruka. Siku moja mama mmoja analia mbele ya dawati langu, mtoto akaangusha kikombe, na mimi niliyepaswa kumtuliza nikajikuta nimejikunyata ukutani! Yule mama akaacha kulia, akaanza kunipepea mimi. Aibu gani hiyo? Nikajiambia, Naomi, kazi imekwisha. Ukistaafishwa utakaa Mabawa unamgeuza mama yako kitandani hadi na wewe ugeuzwe.

Na maneno ya mji yakaja. Mnajua maneno ya Tanga yanavyokwenda. Ilianza sokoni, ikafika kwa majirani, ikaingia na humu ndani. Askari mzoefu anawezaje kukosea jambo analofundishwa kuruta? Tena Mpemba! Wapemba wana mambo yao, ile risasi haikuwa risasi, ni jini katumwa, na ndiyo maana halikumuua Naomi, limemkalia machoni. Ndugu zangu, mimi ni askari, nimeandikisha maelezo ya watu waliopigwa kwa kusingiziwa uchawi. Lakini mtu aliyechoka huokota lolote linaloelea. Niliamini.

Kundi letu la maombi likaja nyumbani. Mama Eliza aliliongoza, yupo hapa, na kwa upendo wake sitaacha kumshukuru. Walifunga kwa ajili yangu, wakaniwekea mikono. Wakaomba mtego wa Hamadi uvunjike, umrudie mwenyewe, aanguke yeye na wote waliomtuma. Walimtaja kwa jina, na mimi nikasema amina, tena kwa sauti. Nikikutana naye kituoni nikawa sijibu salamu yake. Akipita kuliani kwangu, nahamia kushoto.

Macho yakaendelea kufumba.

Jioni moja mvua inanyesha, hodi ikapigwa. Kufungua, ni Sajenti Hamadi, na mkewe Bi Zuwena kashika sahani kaifunika kwa kitambaa. Nikasimama katikati ya mlango. Nilitaka kufunga, niseme kweli. Mama yangu akauliza kutoka chumbani ni nani. Nikamjibu ni mtu wa kazini. Akasema, "Sasa unamwogesha mvua?" Basi wakaingia.

Bi Zuwena akanipa ile sahani, mkate wa kumimina, bado una moto. Akaenda moja kwa moja kwa mama, nikasikia, "Shikamoo, mama," na mama anaitikia kwa furaha ambayo sijaisikia siku nyingi. Hamadi akakaa ukingoni mwa kiti. Nikaitazama mikono yake, jamani. Mikono ile ile.

Akasema, "Dada Naomi, n'mekuja kukuomba radhi. N'lichelewa kwa kuona haya. Wallahi sikukusudia."

 Akaendelea. Akasema usiku wa kuamkia siku ile ya shabaha mtoto wao aliwaka homa, wakakesha naye hospitali, akakosa daku. Asubuhi akakimbia mchakamchaka na saumu yake. Angeweza kuomba ruhusa, mkufunzi asingemkatalia, lakini aliona vijana watamcheka, na aliogopa kuandikwa kwamba mwili wake umeshindwa. Alipofika kwenye kutoa risasi, mikono ilikuwa inafanya, kichwa hakipo.

Kisha akainua uso akanitazama. "Na n'mesikia yasemwayo mjini. Dada, mie sina jini. Siku ile n'likuwa na njaa tu."

Ndugu zangu, nililia! Nililia mbele ya mgeni kama mtoto. Maana lile alilokuwa analiogopa ndilo nililokuwa naliogopa mimi. Tulikuwa watu wawili wazima, tumechoka, kila mmoja anaficha asionekane amechoka. Mimi nilificha magoti, yeye alificha njaa. Shetani alipata mlango kwenye kuficha kwetu, wala hakuhitaji kutoka Pemba. Nikamwambia, "Kaka Hamadi, nimekusamehe. Na wewe nisamehe, nimekutendea vibaya kwa kinywa changu." Akasema, "Yameisha, dada." Tukala ule mkate na chai. Mama akaomba cha kuongezewa.

Naona wengine mnasubiri niseme macho yalifunguka pale pale. Hapana. Bwana wangu mimi ananitembeza taratibu, labda anajua siwezi mbio.

Nilikwenda kwa Inspekta Salome nikamwomba jambo ambalo hata yeye alilishangaa. Nikamwomba kwenye mazoezi Hamadi awekwe kuliani kwangu, pale pale. Akatutazama wote wawili, akakubali, kwa sharti tuanze na bunduki tupu na yeye asimame nyuma yetu. Akatufundisha kutaja kila hatua kwa sauti. Hufanyi mpaka umetamka, na jirani hafanyi mpaka amekusikia. "Magazini!" "Magazini!" "Koki!" "Koki!" Vijana walicheka mwanzoni. Baadaye nikawasikia na wao wanatamka.

Siku ya mtihani ikafika. Niliomba ombi fupi, maana refu lilikuwa limenishinda: Bwana, nishike kope. Nikalala chini. Risasi ya kwanza nikafumba, ikala udongo. Nikasikia Hamadi kuliani anapumua, anapumua kwa utulivu, nikapumua naye. Ya pili nikaona! Nikaiona shabaha kabla, nikaiona na baada! Ndugu zangu, niliendelea kuona mpaka magazini ikaisha kazi yake. Sikuwa hodari, lakini nilifikia kiwango.

Ikaja amri ya kutoa risasi.  Upande wa kulia wa mwili wangu wote ukawa unasubiri. Nikamsikia kwa sauti ya Kipemba iliyonyooka: "Magazini!" Nikaitikia. "Koki!" Nikaitikia. "Chemba tupu!" Nikachungulia ya kwangu, tupu. Kisha kuliani kwangu bunduki ikalia, "ta". Chuma kitupu. Nimesikia kwaya nyingi maishani mwangu, lakini sijasikia wimbo mtamu kama ule! Haleluya!

Mbio nilimaliza wa mwisho, na Inspekta Salome aliitazama saa yake kwa muda mrefu kabla ya kunipigia tiki. Magoti Bwana hakuyaponya. Bado ninapanda ngazi za kituo kwa kuhesabu dhambi zangu. Usiku mwingine bado nashtuka. Lakini niko kazini, ndugu zangu. Jana nimemshikia mama mmoja mtoto wake, na mkono wangu ulikuwa umetulia. Namshukuru Mungu! Nawashukuru na ninyi mliofunga mkakesha.

Wewe uliyekaa hapo umeficha uchovu wako, unaogopa wakijua watakuondoa, mtumaini Bwana. Mwambie ukweli, naye atakupa mtu wa kumwambia. Huenda akawa mtu usiyemtaka. Mfungulie mlango hata hivyo.

Sasa nina jambo la mwisho, na si jepesi kulisema. Kesho Sajenti Hamadi anasikilizwa kesi yake ya nidhamu kwa ajili ya risasi ile. Anaweza kupoteza cheo, anaweza kupoteza kazi. Mimi nitakuwepo kumsemea, nimekwisha omba nafasi. Nilimkaribisha aje leo, akasema ataona haya, akaniambia, "Nenda, dada, n'ombee huko huko." Yuko nyumbani kwake na mkewe, wanasubiri, na wanajua niko hapa.

Tulimwomba Mungu amwangushe, ndugu zangu. Mlimtaja kwa jina, nami nikasema amina. Ombi lile bado liko hewani, na kesho ndiyo siku ambayo lingeweza kujibiwa.

Mama Eliza, njoo mbele, tushikane mikono. Anza wewe. Anaitwa Hamadi.